Nakala Ni Kitu Kilichohamishwa

Msomaji, ukivuka daraja la Nyali kutoka kisiwa cha Mombasa, ukaipita kengele kongwe ya Frere Town na kufuata njia ya Kisauni, utafika Junda, mtaa wa bara ulio kando ya hori ya Tudor. Maji ya hori yangali yakijaa na kupwa kama zamani, na mikoko yangali imesimama topeni. Lakini ndani ya nyumba mambo yamegeuka. Katika pembe ya chumba huenda ukakuta kompyuta iliyochoka, ambayo ofisi fulani iliiuza kwa bei nafuu, ikifanya kazi usiku na mchana bila skrini wala kibodi. Vijana huiita seva ya nyumbani.

Ndani ya kompyuta hiyo moja mna kompyuta nyingine kadhaa, zisizoshikika kwa mkono, nazo huitwa mashine pepe. Tuseme moja yatunza picha za jamaa, ya pili hesabu za duka, na ya tatu masomo ya watoto. Kila moja hudhani kwamba ina kumbukumbu yake, diski yake na njia yake ya mtandao; kumbe zote zagawana chombo kimoja, mfano wa wapangaji wanaokaa vyumba mbalimbali chini ya paa moja.

Je, ni nani anayemgawia kila mpangaji chumba chake? Ni faili dogo la maandishi, liitwalo faili la usanidi. Humo mmeandikwa jina la mashine, kiasi cha kumbukumbu iliyopewa, idadi ya vichakato, diski iliyo yake, na namba ya kadi yake ya mtandao. Faili hilo ni mistari michache tu, wala halifikii uzito wa picha moja ya harusi. Kwa sababu ya udogo wake watu hulisahau. Huhifadhi diski kubwa zenye picha na hesabu, na siku chombo kinapokufa huona kwamba wanazo mali zote lakini hawajui tena ipi iliwekwa wapi, wala iliunganishwaje. Wahenga walikwisha kusema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Lakini usifikiri, msomaji, kwamba taabu hii ilizaliwa pamoja na kompyuta. Watu wa pwani hii waliijua kabla ya umeme. Ili tuifahamu vema, yafaa turudi nyuma hadi mwaka 1890, tutazame mambo mawili yaliyotokea mwaka huo huo mmoja, moja Witu na la pili Mombasa. Katika la kwanza maandishi yalipotea. Katika la pili mtu alifariki, na maandishi yakabaki. Tofauti iliyoko kati ya mambo hayo mawili ndiyo somo letu.

Kwanza tuende Witu. Mji huu upo bara, kusini-magharibi ya visiwa vya Lamu. Huko ndiko walikohamia masultani wa ukoo wa Nabahani baada ya kushindwa kukaa kwa amani katika kisiwa chao cha Pate, kwa sababu ya nguvu za Wabusaidi wa Unguja. Pamoja na heshima ya ukoo wao, Wanabahani walikuwa na kitabu cha tarehe ya Pate, kilichosimulia wafalme wao mmoja baada ya mwingine, vita vyao, ndoa zao na miaka ya kutawala kwao. Hapana shaka kitabu hicho kilikuwa johari, maana miji mingi ya pwani haikuandikiwa tarehe ndefu namna ile.

Mwaka 1885 Wadachi waliitwaa Witu chini ya himaya yao. Kisha, tarehe 1 Julai 1890, mataifa mawili ya Ulaya yalitia sahihi mkataba, na kwa mkataba huo Witu ikapewa Waingereza bila wenyewe kuulizwa. Mwezi wa Septemba Wadachi kadhaa waliuawa huko. Waingereza walifanya neno hilo kuwa sababu ya vita, na katika mwezi wa Oktoba jeshi la manowari zao, likiongozwa na Admirali Fremantle, lilipanda bara, likamfukuza Sultani Fumo Bakari na kuuteketeza mji. Husimuliwa kwamba asili ya kitabu cha tarehe ya Pate iliangamia katika msiba huo.

Jambo la kushangaza ni kwamba tarehe ya Pate tunayo hata leo. Ilipataje kubaki? Ilibaki kwa sababu mtu mmoja wa ukoo ule, Muhammad bin Fumo Omar, aliyejulikana zaidi kwa jina la Bwana Kitini, alikuwa ameiweka moyoni. Baadaye watu walimwendea, naye akawasimulia. Kutokana na masimulizi yake zilipatikana nakala mbalimbali: moja ilichapishwa na Stigand katika kitabu chake cha mwaka 1913, nyingine na Bibi Alice Werner katika miaka ya 1914 na 1915, na nyingine zikafuata.

Hapa yakupasa usimame kidogo, msomaji. Nakala hizo hazilingani. Mfalme aliyetawala miaka fulani katika nakala moja hupewa miaka mingine katika nakala ya pili. Jambo linaloelezwa kwa urefu huku huguswa tu kule. Wanahistoria wamebishana kwa miaka mingi juu ya tarehe hizo, hasa zile za zama za mwanzo, na ugomvi wao hauna hakimu, kwa maana hakimu alikuwa ile asili, nayo haipo. Bwana Kitini astahili shukrani zetu zote, kwa kuwa bila yeye tusingekuwa na kitu. Lakini kichwa cha mtu, hata kikiwa chema namna gani, si daftari. Kumbukumbu hurudisha maana ya jambo. Hesabu zake huzirudisha kwa shida.

Sasa natuje Mombasa. Katika kisiwa hiki aliishi Muyaka bin Haji al-Ghassaniy, mshairi aliyezaliwa yapata mwaka 1776 na kufariki yapata mwaka 1840. Maisha yake yalikuwa katika siku za Mazrui, waliposhindana na Seyyid Said mpaka akautwaa mji mwaka 1837. Mashairi ya Muyaka yalikuwa ya vita na ya mapenzi, ya njaa na ya mzaha, na watu waliyapenda, wakayahifadhi kwa moyo na kuyaghani barazani. Lakini shairi linalokaa vifuani mwa watu hufa pamoja na watu. Ilipopita miaka arobaini tangu kufa kwa Muyaka, waliomsikia kwa masikio yao walikuwa wazee, na kila jeneza lililotoka mlangoni lilichukua beti kadhaa.

Katika wakati huo alikuwako Mombasa mwanachuoni ambaye mwenyewe alikuwa mshairi, Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi. Na mwaka 1880 alifika Mwingereza mmoja kwa jina W. E. Taylor, aliyetumwa na chama kile kile cha misheni, CMS, ambacho mwaka 1875 kilikuwa kimeanzisha Frere Town upande wa Kisauni, iwe makao ya watu waliokombolewa katika majahazi ya watumwa. Taylor alikipenda Kiswahili cha Mombasa na kukisoma kwa bidii. Watu hawa wawili, Mwislamu na Mkristo, mwenyeji na mgeni, walikutana katika kazi moja. Mwalimu aliyakusanya mashairi ya Muyaka na kuyaandika kwa hati ya Kiarabu. Taylor aliyanakili, akaongeza maelezo, ambayo mengi aliyapata kwa Mwalimu mwenyewe.

Maelezo hayo ndiyo ningependa uyaangalie sana. Ubeti wa Muyaka mara nyingi ulikuwa jibu: mtu fulani alitupa neno, naye akalidaka. Usipojua ni nani aliyesema, na kwa ajili ya vita gani au kisa gani, una maneno matamu lakini huna mlango wa kuingilia ndani yake. Mwalimu alilijua jambo hili. Hakutosheka kuhifadhi beti. Alihifadhi na habari ya beti, yaani maana ya neno gumu na sababu ya shairi kutungwa. Mistari michache ya maelezo iliyo pembeni ya karatasi ndiyo inayoyafanya yale mashairi yasimame na kutembea tena.

Mwalimu Sikujua alifariki mwaka 1890, mwaka ule ule Witu ilipoteketea. Lakini kifo chake hakikumzika Muyaka mara ya pili. Karatasi zilikuwa zimekwisha kutoka mkononi mwake. Taylor alipofariki mwaka 1927, hati zake ziliwekwa katika chuo cha London kinachosomesha lugha za Mashariki na Afrika. Mwaka 1940 William Hichens aliyatoa mashairi hayo katika kitabu, Diwani ya Muyaka, kilichopigwa chapa Johannesburg. Tena mwaka 1979 Mohamed Hassan Abdulaziz alitoa Nairobi kitabu kingine juu ya Muyaka na mashairi yake. Basi mtoto wa Kisauni anayemsoma Muyaka leo anapokea kitu kilichokwenda London, kikapita Johannesburg, kisha kikarudi nyumbani.

Tazama tena mwaka 1940. London, mji ambao ungedhaniwa kuwa salama kuliko yote, ulianza mwaka huo huo kushambuliwa kwa mabomu usiku baada ya usiku. Hakuna mji duniani ambao hauwezi kupatwa na yaliyoipata Witu. Usalama wa Muyaka haukuwa katika kuwekwa London. Ulikuwa katika kuwekwa mahali zaidi ya pamoja.

Neno lenyewe latufunza. Nakala ni neno tulilolipata kwa Waarabu, na kwao asili ya maana yake ni kuhamisha kitu kutoka mahali hata mahali. Kwa hiyo kilichoandikwa mara mbili na kuachwa sanduku moja bado hakijawa nakala kwa maana kamili. Kingekuwako kitabu cha pili cha tarehe ya Pate katika chumba kile kile cha Witu, moto usingebagua.

Sasa turudi Junda kwenye ile kompyuta iliyo pembeni mwa chumba. Ufundi wa mashine pepe una historia yake. Ulianza katika miaka ya 1960 huko Cambridge, katika jimbo la Massachusetts, Marekani, ambako wahandisi wa kampuni ya IBM walitaka watu wengi watumie kompyuta moja ya bei kubwa, kila mmoja akiiona kana kwamba ni yake peke yake. Mwaka 1967 mfumo wao ulioitwa CP-40 ulikuwa ukifanya kazi, na mwaka 1972 IBM ikautangazia ulimwengu mfumo wa VM/370. Kwa miaka mingi ufundi huu ulikuwa wa mabenki na vyuo vikuu. Kisha mwaka 2007 programu ya KVM iliingizwa ndani ya Linux, ambayo hupatikana bure, na tangu hapo kilichokuwa cha matajiri kimeweza kuingia katika nyumba ya mtu wa kawaida.

Lakini pamoja na uwezo huo umekuja wajibu ambao zamani ulikuwa wa makarani wa benki. Seva ya nyumbani haina karani ila mwenyewe. Hewa ya pwani ina chumvi na unyevu, umeme hukatika na kurudi kwa kishindo, na diski ya kuzunguka ni chombo kinachochakaa kama gurudumu la mkokoteni. Siku yake ikifika, nini kitabaki?

Tuseme mwenye seva alihifadhi diski za mashine zake, asihifadhi mafaili ya usanidi. Atanunua kompyuta nyingine, na ataanza kuziunda mashine zake kwa kukumbuka. Atafanya kama Bwana Kitini: maana ataipata, lakini hesabu zitampotea. Je, mashine ya hesabu za duka ilipewa kumbukumbu kiasi gani? Diski mbili zilizo nayo, ipi ilikuwa ya kwanza? Kadi yake ya mtandao ilikuwa na namba gani? Akiipa namba nyingine, huenda mashine ikaamka na kuiona kadi kuwa ngeni, ikakataa mipango yake ya zamani ya mtandao. Naye atakaa usiku kucha akitafuta kosa ambalo mstari mmoja wa maandishi ungelizuia. Diski ni beti. Faili la usanidi ni maelezo ya Mwalimu.

Basi afanye nini? Kwanza, ajue mafaili hayo hukaa wapi. Katika kompyuta nyingi za Linux zinazotumia libvirt, huwa katika folda ya /etc/libvirt/qemu. Wanaotumia Proxmox huyaona katika /etc/pve. Lakini wajihadhari, kwani folda hiyo ni kama kivuli ukutani, na kitu chenyewe ni hifadhidata ndogo iliyowekwa mahali pengine katika diski ile ile ya mfumo. Diski hiyo ikifa, kivuli na mwenye kivuli huondoka pamoja.

Pili, ayahamishe. Kuyanakili kutoka folda moja hadi nyingine ndani ya diski moja ni kuweka vitabu viwili katika chumba kimoja cha Witu. Nakala moja na iwe katika diski ya nje au kompyuta nyingine hapo nyumbani, na nyingine iwe mbali, kwa ndugu wa Likoni au kwa watunzaji wa ng'ambo wanaofikiwa kwa intaneti. Asitegemee ya mbali peke yake. Mwaka 2009 waya wa TEAMS uliletwa Mombasa kupitia chini ya bahari kutoka Fujairah, nasi tukafurahi. Lakini mwezi wa Februari 2012 meli iliyokuwa ikingoja kuingia bandarini ilitia nanga mahali pasipofaa, na nanga ikaukata waya huo. Mwezi huo huo waya nyingine zilikuwa zimekatika katika Bahari ya Sham, na intaneti ya Afrika ya Mashariki ikadhoofika. Aliye na nakala ng'ambo tu, siku kama hizo, ni kama mwenye shamba ng'ambo ya mto uliofurika.

Tatu, aandike tarehe. Usanidi hubadilika kila mashine inapoongezwa kumbukumbu au diski, na nakala isiyo na tarehe huzaa ugomvi ule ule wa nakala za Pate, ambapo mbili zapingana na hapana ajuaye ipi yafaa kuaminiwa. Kwa kuwa mafaili haya ni madogo, haimgharimu kitu kuweka ya kila siku na kuacha za zamani zikae.

Nne, azitie kufuli. Baadhi ya mafaili haya huwa na maneno ya siri, na kitu kinachopelekwa mbali chaweza kusomwa na wasiohusika. Lakini ufunguo wa kufuli hilo usiwekwe ndani ya seva ile ile, maana seva ikifa, ufunguo utakufa nayo, na nakala itabaki kama sanduku la chuma lisilofunguka.

Tano, na hili ndilo husahauliwa kuliko yote, aijaribu nakala kabla ya msiba. Siku ya utulivu achukue nakala yake, aiweke katika kompyuta nyingine iliyotengwa na mtandao wa nyumbani, aone kama mashine itaamka. Hati za Taylor zingalikaa kabatini milele, zisichapwe wala zisisomwe na mtu, Muyaka angekuwa amehifadhiwa bila kuokoka. Nakala huthibitika siku inaporudi na kufanya kazi ya asili.

Huenda ukauliza, msomaji, kama ni haki kuyalinganisha mashairi ya Muyaka na mafaili ya kompyuta ya Junda. Nami nakujibu kwa swali. Leo tarehe za jamaa zetu zimeandikwa wapi? Picha za mabibi na mababu, sauti za wazee waliokwisha kufariki, hesabu za mashamba, beti wanazotungiana vijana, zote zimo katika vyombo hivi. Hatuandiki tena katika karatasi zinazoweza kukaa sandukuni miaka mia. Kitabu cha ukoo wetu kimeingia ndani ya diski inayozunguka gizani, na daftari la kutuonyesha namna ya kukifungua ni faili dogo ambalo wengi wetu hatujapata kuliona.

Mwalimu Sikujua hakujua kwamba mwaka 1890 ungekuwa mwaka wake wa mwisho, na watu wa Witu hawakujua, mwezi wa Julai, yatakayowapata mwezi wa Oktoba. Wote walikuwa sawa katika kutojua. Lililowatenga ni kwamba kazi ya yule mmoja ilikuwa imekwisha kuhamishwa, na kitabu cha wale wengine kilikuwa kingali mahali pamoja. Nasi pia hatujui. Usiku wa leo, kabla ya kulala, mwenye seva na aulize mafaili yake yako mahali pangapi. Na jibu likiwa ni pamoja, asingoje kesho.